IST "Ordinary", Noah "Small": sasa gari dogo ni lipi hapo?

Kaka habari za kazi. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo yamenifika. Tunaishi Goba, mimi na mume wangu na watoto watatu, mkubwa yuko form one, na mama mkwe tunakaa naye tangu mwaka jana baada ya miguu kuanza kumsumbua. Gari yetu ilikuwa Vitz ya zamani, tumeshaiuza, hela ya kikoba tumeongezea hapo, jumla hatuzidi milioni 22 na hiyo ni mpaka gari iwe na namba iko barabarani.

Sasa shida yangu wala sio hela, shida yangu ni haya majina. Dalali anayetutafutia gari anatusukumia IST ile new model, anasema dada hii sio kagari kadogo kama Vitz, hii ni SUV ndogo, Ulaya wanaiita SUV kabisa. Nikamtumia shemeji yangu picha, yuko Ujerumani, akacheka sana, akasema hiyo ni segimenti B, ile ile ya Vitz mliyouza, mnabadilisha rangi tu. Wifi yangu yuko Texas naye akaingilia kwenye grupu la familia, kwao eti Corolla ndo gari ya mwanafunzi, hizo zenu sijui hata ziko kundi gani. Halafu mdogo wangu alienda Johannesburg kikazi, akakodi gari mtandaoni, akachagua daraja la kati, akaletewa Corolla! Sasa Corolla ni ndogo au ni ya kati?

Kilichonimaliza kabisa ni makaratasi. Mume wangu ana rafiki yake anatoa magari bandarini, akatuonyesha zile karatasi zinazokuja na gari kutoka Japani, za magari mawili ya wateja wake. IST ya 2008, sehemu ya aina ya gari imeandikwa "Ordinary". Noah ya 2010 imeandikwa "Small". Kaka, Noah ndo "Small"! Nikamwambia hapa wamekosea akasema wala, ziko hivohivo miaka yote, tena akaongezea kwamba ukija kwa TRA hizo mbili ziko kundi moja. Noah na IST kundi moja, hapo nikafunga simu nikaenda kupika.

Mume wangu yeye anataka Rush, anasema angalau ile ni SUV ya kweli. Noah hataki kuisikia, anasema ataenda Moshi watu wampungie mkono njiani wakidhani ni zile Noah za abiria. Mi nataka tu kuelewa, kati ya hawa wote mkweli ni nani, na gari la watu sita la kupanda vilima vya Goba na kwenda Moshi kila Desemba ni gari la daraja gani? Na naomba usinijibu kwa Kiingereza kingi.

Mama Watatu, Goba

---

Mama Watatu, pole na hongera kwa kuuza Vitz kabla ya kununua nyingine, wengi wanafanya kinyume wanaishia na magari mawili mabovu uani.

Nianze na hili: kwenye hiyo barua yako hakuna muongo. Shemeji, wifi, jamaa wa bandarini, kampuni ya Johannesburg, mpaka dalali (huyu namkubalia kwa shingo upande, nitaeleza) wote wamesema kitu cha kweli. Ila kila mmoja kashika rula yake na wewe wamekuletea majibu tu bila kukuambia rula. Hakuna ofisi moja duniani inayopanga magari yote kwa saizi. Mjapani ana mpango wake, Ulaya wana wao, Marekani wao, TRA wao, wakodishaji wao, na kila mpango ulitengenezwa kwa kazi yake na wala hiyo kazi haikuwa kukusaidia wewe kuchagua gari la kumbeba mama mkwe.

Tuanze na hiyo karatasi maana ndo imekukosesha usingizi, na kwa kweli ndo tamu kuliko zote.

Japani magari ya abiria yako makundi matatu. La chini kabisa wanaliita kei, injini isizidi cc 660, urefu mita 3.40, upana 1.48, kimo mita 2.00, na watu wasizidi wanne. Unazijua, zile kirikuu zinazobeba maji na mchanga huko kwenu Goba ni kei za mizigo, kundi hilohilo. Cc 660 iko hivo tangu 1990 na hivyo vipimo vya bodi tangu 1998. Kundi la pili ndo hilo wanaliandika "Small", gari isizidi urefu mita 4.70, upana mita 1.70, kimo mita 2.00, na injini ya petroli isizidi cc 2000. Ukivuka KIMOJA tu kati ya hivyo vinne, hata kwa milimita chache, unahamia kundi la tatu, "Ordinary". Hawaangalii gari likoje kwa macho, wala lina viti vingapi, wanaangalia umevuka au hujavuka.

Sasa chukua IST yako ya 2008. Urefu mita 3.93, fupi kabisa, injini cc 1496, kimo cha kawaida. Lakini upana wake ni milimita 1,725. Imevuka 1,700 kwa milimita 25, yaani hata upana wa vidole viwili haufiki, basi inaandikwa "Ordinary", kundi moja na Crown na Land Cruiser. Halafu chukua Noah ya 2010 ya kawaida: urefu milimita 4,595, upana 1,695, kimo 1,850, injini cc 1986. Pima zote, hakuna iliyovuka. Imekaa ndani ya mstari kila upande, inaandikwa "Small". Ndo hivo tu, hakuna maajabu. Na ukitaka kumchekesha mume wako mwambie kwa upana Noah ni nyembamba kuliko IST kwa sentimita 3, abishe halafu umpe futi akapime.

Ukishaijua hiyo 1,700 utaanza kuona kitu kwenye matangazo ya magari ambacho hukukiona kabla. Angalia upana: IST ya kwanza ile ya 2002, 1,695. Vitz ya 2005, 1,695. Premio, 1,695. Fielder, 1,695. Sienta, 1,695. Rush anayoitaka mume wako, 1,695. Noah, 1,695. Unadhani mafundi wa Toyota walikuwa wanapenda hiyo namba? Ni kwamba walikuwa wanabana gari mpaka milimita 5 kabla ya mstari. Zamani Japani gari ikivuka mstari huo kodi yake ya kila mwaka ilikuwa inaruka vibaya mno, mpaka mabadiliko ya kodi ya 1989 ndo wakaanza kutoza zaidi kwa cc, kwa hiyo kuwa mpana kukawa sio dhambi tena na kuanzia hapo magari yakaanza kunenepa. Ila barabara za mitaani kule ni nyembamba na maegesho ni ya kubanana, wateja wengi wakabaki wanapenda gari la chini ya 1.70, ndo maana mpaka leo tunaletewa hizo 1,695 kwa wingi. Hata Corolla wana mbili. Ile Axio iliyojaa Dar ni nyembamba ya kule kwao, 1,695, na Corolla waliyokuwa wanaiuza nchi nyingine miaka hiyohiyo ni pana, 1,760. Kwa hiyo Corolla aliyoletewa mdogo wako Johannesburg usidhani ni ileile unayoiona Mwenge, jina moja ila mwili tofauti.

Halafu kuna plate namba. Gari ukiziona kwenye picha za mnada bado zina plate za Japani, juu pale kando ya jina la mji kuna tarakimu tatu ndogo, ikianza na 5 au 7 hiyo ni "Small", ikianza na 3 hiyo ni "Ordinary", na kei ya mtu binafsi plate yake huwa ya njano. Haikuongezei chochote kwenye kununua ila unakuwa unajua unaangalia nini, na dalali akijua unajua anapunguza maneno.

Haya, twende kwa huyo dalali na SUV yake. IST new model, ile iliyoanza 2007, ilipewa maisha matatu. Japani ikauzwa kama IST, hachibaki tu (gari dogo ambalo buti lake limeungana na kabini) ya mtu wa mjini. Marekani ikapelekwa kwa jina la Scion xD, nako hachibaki ndogo ya vijana. Ulaya ikapelekwa na sura yake ileile karibu yote, ikaitwa Toyota Urban Cruiser, na huko ndo wakaitangaza kama SUV ndogo, tena kuna za dizeli zilizokuwa zinavuta magurudumu yote manne. Kwa hiyo dalali hajatunga. Ila anachokuuzia ni tangazo la Ulaya juu ya gari la Japani. Hiyo IST atakayokuletea kwa kawaida itavuta magurudumu ya mbele tu, haijanyanyuliwa kama gari la porini, viti vitano, buti ya kuweka mifuko miwili ya Rambo na begi moja. Jina la SUV halijainyanyua hata sentimita moja kutoka kwenye makorongo ya Goba.

Shemeji wa Ujerumani naye kaongea cha Ulaya. Kule wanatumia herufi, A ndo vidogo kabisa, B ndo vidogo, C vya kati kama Golf na Corolla, D vikubwa kama Passat, E ndo za mabosi kama Mercedes E-Class, F za anasa kama S-Class, halafu pembeni kuna S za michezo, M za familia za viti vingi, na J ndo hizo SUV. Watu wanadhani hiyo ni sheria ina mita na sentimita, hapana. Tume ya Ulaya iliyaorodhesha hivyo mwaka 1999 ilipokuwa inachunguza Hyundai kuichukua Kia, walitaka kujua hizo kampuni zinashindana kwenye soko lipi, na wao wenyewe wakakiri kwamba mipaka kati ya kundi na kundi haiko wazi, inavurugwa na bei, na jina la gari, na makorokoro yaliyowekwa ndani. Kwa hiyo ni rula ya soko, gari lipi linagombania mteja mmoja na lipi. Shemeji akisema IST na Vitz ni B yuko sawa maana Vitz kule inaitwa Yaris na inakaa B, na IST imejengwa kwa mifupa ya ukoo huohuo. Sasa alivyosema mnabadilisha rangi tu, hapo kazidisha chumvi, IST ina nafasi kuliko Vitz ya zamani, ila kwa watu sita hoja yake inasimama.

Wifi wa Texas kwao ni kitu kingine kabisa, wale hawapimi gari kwa nje wanapima hewa ya ndani. Serikali yao inajumlisha nafasi ya abiria na nafasi ya buti kwa futi za ujazo, 100 mpaka chini ya 110 ni kompakti, 110 mpaka chini ya 120 ni ya kati, kuanzia 120 ni kubwa, na chini ya 100 kuna vikundi vya vidogo zaidi. Futi 100 ni kama lita 2,830. Kwa rula hiyo Honda Accord ya 2018, ambayo kila mtu huku anaiona ni saluni ya kati ya kawaida, kule iliangukia kundi la "kubwa" kwa sababu ndani yake na buti vimefika futi 120 na zaidi kidogo. SUV na pikapu hawazipimi hivyo, zile wanazigawa kwa uzito. Hii rula ya Marekani mi naipenda kimawazo, maana angalau inauliza ndani kuna nafasi kiasi gani, ambalo ndo swali lako, shida yake tu ni kwamba Noah na Sienta hazikuwahi kuuzwa kule kwa hiyo hutazikuta kwenye orodha zao.

Wakodishaji magari nisikuchoshe, wana msimbo wa herufi nne, ya kwanza ni daraja la gari, ya pili umbo, ya tatu gia, ya nne AC na mafuta. Ukiona ECMR ni gari la bei ya chini, milango ya kawaida, gia ya mkono, lina AC. Mdogo wako alichagua la kati akapewa Corolla na wala hakuonewa, kwao "la kati" ni juu ya lile la bei ya chini, na pale chini ya picha huwa wameandika "au linalofanana nalo", ndo mchezo wote uko hapo.

Sasa TRA. Hii ndo rula itakayogusa mfuko wako kwa hiyo nisome taratibu. TRA hawajali upana wala hewa ya ndani. Kwenye ushuru wa bidhaa wanaangalia cc: mpaka 1000 ni asilimia 0, kuanzia 1001 mpaka 2000 asilimia 5, ikizidi 2000 asilimia 10. Ndo maana jamaa wa bandarini kakuambia IST na Noah kundi moja, IST ni 1496, Noah 1986, zote ziko kwenye hilo kapu la katikati. Passo ya cc 996 iko kapu la sifuri. Mark X ya 2499 iko la kumi. Harrier ya zamani ya cc 2362 iko la kumi, ila ile iliyokuja 2013 yenye injini ya cc 1986 ikarudi kwenye la tano pamoja na IST, fikiria hiyo. Juu ya hapo kuna ule wa uchakavu, gari likiwa na miaka 8 mpaka 10 ni asilimia 15, likizidi 10 ni asilimia 30, na hizo mbili mlizoonyeshwa karatasi zake, za 2008 na 2010, zote zinaangukia kwenye 30. Halafu ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na vidogo vidogo vingine. (Kenya wenzetu mstari wao mkubwa wameuweka kwenye cc 1500, na gari likizidi miaka 8 haliingii kabisa, kwa hiyo ukisoma ushauri wa Mkenya kuhusu gari lipi lina ushuru mdogo usiubebe mzimamzima.)

Ila usije ukasikia "kundi moja" ukadhani ni hela moja. Asilimia ni sawa, lakini inapigwa juu ya thamani ya gari, na thamani ya Noah ni kubwa kuliko ya IST, kwa hiyo Noah ushuru wake utazidi tu. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, weka aina, mwaka na cc, utoe namba kabla hujatuma hata shilingi, na ukumbuke bajeti ya Juni huwa inaweza kubadilisha viwango. Na kwa kuwa road license ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, injini kubwa sikuhizi unailipia sheli kila wiki, sio mara moja kwa mwaka.

Basi. Tumemaliza majina, sasa tuongelee watu sita.

Mama Watatu mi nikuambie ukweli, swali lako la daraja lilishajibiwa siku mama mkwe alipohamia. Wewe, baba, watoto watatu, hapo tano, IST imejaa, Rush imejaa. Bibi akipanda mnakuwa sita kwenye viti vitano, na kadi ya gari inaandikwa idadi ya viti, trafiki wa Chalinze hahitaji kuwa mtaalamu kuhesabu vichwa. Tena mkubwa yuko form one, huyo sio mtoto wa kupakatwa. Kwa hiyo IST na Rush zote mbili zinatoka, na sio kwa sababu ni segimenti hii au ile.

Naijua hoja ya mume wako na sio ya kipuuzi. Rush ile ya Japani ya 2006 kwenda mbele ni gari zuri, iko juu karibu milimita 200 toka chini, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma au yote manne, kuna za 4WD zina loki ya difu ya katikati, kwa barabara za Goba kipindi cha masika inakufaa kabisa, na cc ni 1495 tu. Ila imekaa kwenye mita 4 kasoro kidogo, viti vitano, buti ni ya kubana. Kuna Rush mpya ya viti saba inayotengenezwa Indonesia tangu 2017, hiyo ndo ingewapatanisha, lakini kwa milioni 22 msijisumbue hata kuulizia. Na kitu kingine, gari likiwa juu bibi mwenye miguu mibovu anapandaje? Atainuliwa kila Jumapili kwenda kanisani?

Zinabaki mbili. Sienta ya kwanza, ile iliyouzwa 2003 mpaka 2015, ina viti saba, mita 4.10 tu, cc 1496, milango ya nyuma ya kuslaidi pande zote mbili, mafuta inanusa tu. Kwa shule na soko na kanisa ni gari la akili sana. Kasoro yake ni kwamba mstari wa tatu ni wa watoto, na ukiukalia buti inakwisha, kwa hiyo safari ya Desemba ya watu sita na mabegi na zawadi na kile kiroba cha mchele cha kupeleka nyumbani, mtaweka wapi? Juu ya keria, sawa, halafu hiyo injini ya 1.5 na watu sita na AC inapanda Goba, utaisikia inalia. Noah inabeba wote, ina watu nane kwenye kadi, injini ya 2.0 haihangaiki mlimani, mlango unaslaidi na ngazi iko chini, bibi anaweka mguu mmoja anashika kamba ya pembeni kaingia. Gharama yake ni mafuta, na urefu, ni ndefu kuliko IST kwa sentimita 66 hivi, kwa hiyo kabla ya yote chukua futi kapime kutoka geti lenu mpaka ukuta wa mbele, na uone kama geti linafungwa.

Mi ningechukua Noah. Mume wako kuhusu Noah za abiria, aweke tinted kidogo au aandike jina la mtoto kwenye kioo, watu watajua ni ya familia, na wakimpungia mkono si awapungie na yeye.

Mkienda yadi nendeni na bibi mwenyewe, apande kiti cha nyuma, ashuke, apande tena, msimwulize kama gari ni zuri mwangalieni tu goti lake. Kaeni wote sita ndani na milango ifungwe, ndo muone kama mwenye form one anagusa dari. Muulize muuzaji mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini, hizo Noah ni CVT (giaboksi ya otomatiki ya mkanda) na wauzaji hawapendi kuliongelea hilo. Kama gari imewekwa spesa kuinyanyua, ulizeni ni za unene gani, zikiwa nene sana jointi za ekseli za mbele zinakufa mapema. Na mkiagiza kutoka Japani waulizeni ni gredi gani, maana Noah ya Si bodi yake imetanuliwa mpaka 1,720, hiyo karatasi yake itakuja imeandikwa "Ordinary", usije ukanipigia kelele kwamba wamekuletea gari lingine.